Makosa ya Beki Yanayoonekana na Yasiyoonekana

Wasikilizaji, najua mmezoea kwamba tukikutana hapa tunazungumza kabumbu: nani kafungwa, nani kasajiliwa, refa gani kaharibu mechi ya watu. Leo nawaomba mvae makoti mazito, maana tunaingia barafuni. Tutazungumza mpira wa magongo wa barafuni, na katika mchezo huo wote tutamshika mtu mmoja tu, beki. Swali langu ni hili: shabiki anajuaje kwamba beki huyu ni mzuri na yule hafai? Nalirudia, ili anayefungua redio sasa hivi asiachwe nyuma. Shabiki anajuaje kwamba beki huyu ni mzuri na yule hafai?

Namsikia mtu ananiuliza, "Ndugu mtangazaji, sisi na barafu wapi na wapi?" Haya. Nairobi, katika hoteli ya Panari iliyo Barabara ya Mombasa, palijengwa uwanja mdogo wa barafu, na hapo ndipo ilipokulia timu ya Kenya iitwayo Ice Lions. Mwaka 2018 vijana hao walisafirishwa mpaka Kanada, wakajikuta chumba kimoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, mastaa wakubwa wa mchezo huo, waliokuja kucheza upande wao. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Kisha mko ninyi wasikilizaji wetu wa Toronto, Ottawa na Minneapolis, ambao watoto wenu wanarudi kutoka shuleni wakibishana kuhusu watu msiowajua. Leo mtawajua wawili watatu.

Kwa faida ya asiyewahi kuuona mchezo wenyewe, nitapita haraka. Kila timu ina watu sita barafuni: kipa, mabeki wawili, washambuliaji watatu. Wanachogombea ni kisahani cheusi cha raba ngumu, ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Uwanja umezungukwa na ukuta mfupi, na juu ya ukuta kuna kioo kigumu, hivyo kisahani kikipigwa hakitoki ovyo; kinagonga na kurudi. Wachezaji huingia na kutoka bila mchezo kusimama, kwa zamu ya chini ya dakika moja, maana ukiteleza kwa nguvu zako zote huwezi kwenda zaidi ya hapo bila kuishiwa pumzi. Timu hupanga mabeki sita kwa mechi, wakiingia wawiliwawili. Mechi ni dakika 60, na beki anayetegemewa sana anaweza kucheza dakika 25 au zaidi.

Sasa mwangalieni beki huyo kazini. Mshambuliaji anamjia mbio, uso kwa uso. Beki anarudi kinyumenyume, ndiyo, kinyumenyume, kwa kasi ileile ya anayemkimbilia, macho yake kwenye kifua cha yule bwana wala si kwenye kisahani, gongo amelinyoosha mbele kwa mkono mmoja. Akimpa nafasi kubwa, jamaa anapiga. Akimbana mapema mno, jamaa anampita kama upepo. Anachotaka beki ni kumsogeza kidogo kidogo kuelekea ukutani, mahali ambapo hata akipiga, kipa anaona kila kitu. Tuseme amefaulu. Nini kinatokea? Hakuna. Mshambuliaji anakipeleka kisahani kwenye kona, anageuka, anarudi benchi kupumzika. Uwanja mzima haupigi hata kofi moja. Mtangazaji hataji jina la mtu. Gazeti la kesho halina habari hiyo.

Lakini siku kisahani kikipita katikati ya miguu yake, wasikilizaji, picha inarudiwa kwenye televisheni mpaka mtoto wa nyumbani anaikariri.

Hapo ndipo ubishi wa mashabiki unapoanzia. Mshambuliaji ana mabao yake, unayahesabu. Kipa ana michomo aliyookoa, unaihesabu. Beki utamhesabia nini? Kuna wanaosema macho yangu yananitosha, nimeutazama mchezo huu tangu utoto. Kuna wanaohesabu mabao na pasi za mabao, kana kwamba beki ni mshambuliaji aliyechelewa kufika. Na kuna wanaoshikilia ile hesabu ya zamani ya jumlisha na toa. Hesabu hiyo ni rahisi. Timu yako ikifunga nawe uko barafuni, unajumlishiwa moja. Mkifungwa nawe uko barafuni, unatolewa moja. Mwisho wa msimu unatazama umebaki na nini.

Kwa hesabu hiyo hakuna aliyemfikia Bobby Orr, beki wa Boston katika ligi kuu ya mchezo huu huko Amerika Kaskazini. Msimu wa 1970–71 alimaliza na jumla ya 124 juu ya sifuri, na rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo. Orr huyu alikuwa beki wa ajabu: mara mbili aliongoza ligi nzima kwa pointi, washambuliaji wote wakiwa nyuma yake, na hakuna beki mwingine aliyewahi kufanya hivyo hata mara moja. Kwa Orr hesabu na macho vinasema jambo moja. Hapana ubishi.

Sasa nendeni kwa Erik Karlsson, Mswidi, msimu wa 2022–23, akichezea San Jose. Alimaliza na pointi 101, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja, na ilikuwa zaidi ya miaka 30 tangu beki yeyote afikishe 100. Wakati huohuo hesabu yake ya jumlisha na toa ilikuwa 26 chini ya sifuri. Mmenisikia? Mtu mmoja, msimu mmoja. Karatasi hii inasema ni mfalme, karatasi ile inasema ni mzigo. Wanahabari wa mchezo huo, ambao ndio wapigao kura, wakampa tuzo ya Norris, tuzo ya beki bora wa mwaka.

Mashabiki wakawaka moto. Upande mmoja: unampaje tuzo ya beki mtu ambaye akiwa uwanjani timu inafungwa? Upande wa pili: San Jose ilikuwa miongoni mwa timu dhaifu kabisa za ligi mwaka ule, sasa Karlsson angefanyaje peke yake, aende akadake na golini? Mimi niko upande wa pili. Jumlisha na toa humpima mtu pamoja na kipa wake, pamoja na wenzake, pamoja na bahati yake, kisha yote anatwishwa yeye.

Msidhani ubishi huu ni wa juzi. Mwaka 1984 Paul Coffey wa Edmonton, beki aliyekuwa na kasi isiyo ya kawaida, alimaliza msimu na pointi 126. Rod Langway wa Washington alikuwa na 33. Tuzo ya Norris ikaenda kwa Langway, na ilikuwa mara yake ya pili mfululizo. Kwa nini? Kwa sababu wapiga kura waliona Langway ndiye aliyeifundisha Washington kuzuia, timu iliyokuwa ikichezewa na kila mtu. Mpaka leo wako wazee Edmonton ukiwatajia tuzo ile wananuna.

Kwa hiyo, wasikilizaji, tangu zamani wako mabeki wa aina mbili. Yuko anayethubutu na yuko wa kujihami. Na hapa nataka mnisikilize vizuri, maana hili ndilo lililonileta studioni leo.

Beki anayethubutu akikipata kisahani karibu na goli lake, hakibutui. Anakishika, anainua kichwa, anamtafuta mwenzake, au anatoka nacho mwenyewe. Mara nyingi anafaulu. Akinyang'anywa, amenyang'anywa mbele ya kipa wake, na kosa lake linaonekana na dunia nzima. Beki wa kujihami yeye hajisumbui. Anakipiga kisahani kwa nguvu juu ya kioo cha pembeni, kikimbie huko mbele, salama usalimini. Mashabiki wanashusha pumzi. Kocha hasemi kitu. Lakini kisahani kile kimekwenda kwa nani? Mara nyingi kimekwenda kwa adui, ambaye sekunde kumi baadaye anarudi nacho. Ni kama mtu anayetupa takataka uani kwa jirani, upepo ukageuka zikarudi mlangoni kwake. Akiurudia mchezo ule mara nane, mara tisa katika mechi, timu yake inabaki imebanwa langoni mwake usiku mzima, na bao likiingia, lawama anapewa kipa au beki mwingine aliyekuwa karibu.

Hilo nalo ni kosa. Ni kosa lisiloonekana, na kwa maoni yangu ndilo kosa kubwa zaidi la beki. Beki anayethubutu tunamhukumu kwa makosa tunayoyaona. Beki wa kujihami tunamsamehe makosa tusiyoyaona. Nalirudia kwa makusudi: wa kwanza tunamhukumu kwa tunayoyaona, wa pili tunamsamehe tusiyoyaona.

Katika miaka ya karibuni wametokea wahesabuji wapya wanaojaribu kuyafichua hayo. Hawangoji bao. Wanahesabu kila mkwaju unaoelekezwa golini, wetu na wao, wakati mchezaji fulani yuko barafuni. Kipimo hicho wanakiita Corsi, kwa jina la Jim Corsi aliyekuwa akiwafundisha makipa wa Buffalo. Mantiki yake haina uchawi: kama kila ukiingia wewe sisi ndio tunaopiga, basi kuna jambo jema unalolifanya hata kama hatulioni. Mashabiki wa zamani wanakicheka. Wanasema mchezo unachezwa barafuni, hauchezwi kwenye kompyuta. Sawa, lakini macho nayo yana historia ya kutudanganya, na Toronto wanaijua historia hiyo vizuri.

Toronto walikuwa na beki jina lake Larry Murphy, aliyefika kwao mwaka 1995. Hakuwa na mbio. Hakuwa mtu wa kuwabamiza wenzake ukutani. Alicheza kwa akili, taratibu, na alikuja akiwa tayari ametwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi ile, mara mbili na Pittsburgh. Mashabiki wa Toronto walimwona mzito, mlegevu, mtu wa kulipwa bure. Ikafika mahali kila akigusa kisahani, uwanja wake mwenyewe, wa nyumbani, unamzomea. Machi 1997 wakamwachia Detroit wamchukue, na hawakupata chochote cha maana. Miezi mitatu baadaye Murphy alikuwa ameshika kombe, akiwa amecheza ubavuni mwa beki mwenzake Nicklas Lidström. Mwaka uliofuata akalishika tena. Mwaka 2004 akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Na mnajua jumba hilo liko wapi? Liko Toronto.

Alikuwa mtu yuleyule. Kilichobadilika ni timu iliyomzunguka na watu waliomtazama.

Sasa nawapeleka kwenye ubishi mkubwa kuliko wote, ambao mpaka leo ukiutia kijiweni Montréal hamlali. Tarehe 29 Juni 2016, saa za mchana, Montréal na Nashville walitangaza kwamba wamebadilishana mabeki. Mtu kwa mtu, hakuna nyongeza. P.K. Subban anakwenda Nashville, Shea Weber anakuja Montréal.

Subban ni nani? Ni mtoto wa Toronto, wazazi wake walitoka visiwa vya Karibi, baba Jamaika na mama Montserrat. Wakati ule alikuwa na miaka 27. Tuzo ya Norris alikuwa ameshaitwaa mwaka 2013. Alicheza kwa mbwembwe: anatoka na kisahani nyuma, anazunguka, anapiga kwa nguvu zote, akifunga anashangilia uwanja mzima ushangilie naye. Septemba 2015 aliahidi kuichangishia hospitali ya watoto ya Montréal dola milioni 10 katika miaka saba. Watoto wa mji ule walimpenda kupita kiasi.

Na Weber? Huyu ni mtu wa Sicamous, kijiji cha British Columbia, mkimya, mrefu, mwenye ndevu, nahodha wa Nashville. Alikuwa amebakiza wiki chache kufikisha 31. Mkwaju wake uliogopwa na kila kipa. Kwenye Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010, Kanada ikicheza na Ujerumani, Weber alipiga kisahani kikaingia golini, kikatoboa wavu, kikatokea upande wa pili. Waamuzi hawakuona kitu, mchezo ukaendelea. Ilibidi waitazame picha ya video ndipo wakajua kwamba lile lilikuwa bao. Wavu ulitobolewa, jamani! Hata hivyo tuzo ya Norris hakuwahi kuipata, ingawa mara tatu alikuwa miongoni mwa watatu wa mwisho.

Basi mashabiki wakagawanyika kama mji siku ya uchaguzi. Wanaomtaka Weber wakasema: sasa tumepata mwanamume, nahodha, mtu ambaye mshambuliaji akikaa mbele ya goli letu atajuta. Subban anajitazama mno, anapoteza kisahani, hasikilizi. Wanaomtaka Subban wakajibu: mmemtoa kijana mkachukua mtu anayezeeka, tena mwenye mkataba unaofika 2026, na hesabu zote mpya zinaonyesha kwamba Subban akiwa barafuni kisahani kinakaa upande wa adui.

Waliosema Subban anapoteza kisahani walikuwa na mfano mkononi. Februari ya mwaka uleule wa 2016, Montréal walikuwa Colorado, mechi ya sare, zimebaki dakika chache. Subban alikuwa ndani ya eneo la adui, kisahani kwenye gongo lake, pembeni ya ukuta, akitafuta njia. Kiatu kikamteleza akaanguka. Colorado wakakiokota, wakakimbia nacho upande wa pili, wakafunga. Mfungaji alikuwa Jarome Iginla. Kocha akamweka Subban benchi dakika zilizobaki, na baada ya mechi akamlaumu mbele ya waandishi wa habari.

Naomba tulitazame tukio lile tena, polepole. Yule mtu alianguka wapi? Kwenye ncha ya pili ya uwanja, mbali na goli lake. Barafuni walikuwapo wachezaji wenzake wa kurudi kuzuia. Kila mchezaji barafuni huteleza. Lakini picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ya Subban chini, kisahani kinaondoka. Je, nani anakumbuka mara zote alizotoka nacho salama usiku ule? Hakuna anayeweka kumbukumbu ya mambo kama hayo.

Kuna jambo jingine ambalo sitalipita kimya, maana wasikilizaji wengi wa redio hii ni watu weusi. Wachezaji weusi ni wachache sana katika ligi ile. Wa kwanza, Willie O'Ree, aliingia mwaka 1958, na mechi yake ya kwanza ilichezwa hukohuko Montréal. Subban alipoifunga Boston bao la ushindi katika muda wa nyongeza, Mei 2014, alimwagiwa matusi ya rangi mitandaoni, hadi viongozi wa Boston wenyewe wakatoka hadharani kuyakemea. Sisemi kila aliyemkosoa Subban alikuwa mbaguzi, la hasha. Wako waliomkosoa kwa sababu za kimpira tupu. Nasema tu kwamba furaha yake ya kushangilia iliitwa majivuno mapema mno, na hayo majivuno yakageuzwa kuwa kipimo cha uchezaji wake. Beki apimwe kwa kazi. Namna anavyoshangilia ni mambo yake na Mungu wake.

Haya, mwisho wake ulikuwaje? Mwaka wa kwanza Nashville, wakiwa na Subban, waliingia kwenye mechi za mtoano wakiwa wanyonge, wakaipiga Chicago mechi nne kwa bila, wakasonga mpaka fainali ya Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza katika historia yao. Mji ulirukwa na akili. Mashabiki wa kule wana mtindo wa kutupa samaki barafuni, kambare mzima mzima, hivyo kipindi kile wauza samaki nao walipata riziki yao. Fainali walifungwa na Pittsburgh. Machi ya msimu huohuo Subban alipokwenda Montréal kama mgeni, uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi, naye akalia hadharani.

Wanaomtaka Subban wakasema, si mnaona? Lakini tulieni. Ubishi wa mpira haufi kirahisi. Mwaka 2018 Weber akavishwa unahodha wa Montréal. Mwaka 2019 Nashville wakamwachia Subban aende New Jersey, na kiwango chake kilikuwa kimeanza kushuka. Kisha 2021, Weber akiwa na mguu mbovu, goti bovu na kidole gumba kibovu, akaiongoza Montréal mpaka fainali. Hawakushinda, Tampa Bay waliwapiga. Baada ya fainali ile Weber hakucheza tena mechi hata moja. Subban akastaafu 2022. Mwaka 2024 Weber akaingizwa Jumba la Mashujaa.

Kwa hiyo nani alishinda biashara ile? Msinitazame hivyo, nitasema. Kama kipimo ni siku ile ya Juni 2016 na miaka miwili iliyofuata, Nashville walipata zaidi. Kama kipimo ni mpaka mwisho, Weber alitoa kila kilichokuwa mwilini mwake, na Montréal hawana cha kujutia uwanjani. Ninachokikataa ni ile hoja ya mwanzo, kwamba Weber ni mwanamume na Subban ni mchezaji wa maonyesho. Hoja ile haikuwa ya mpira.

Siku ileile ya Juni 2016, karibu wakati uleule, kulikuwa na biashara nyingine ya beki. Edmonton walimtoa Taylor Hall, mmoja wa washambuliaji wao bora, kwa New Jersey, wakachukua Adam Larsson, beki Mswidi, kijana wa kujihami tu, asiye na mabao wala mbwembwe. Mashabiki wa Edmonton nusura wachome jezi. Msimu uliofuata Edmonton wakaingia mechi za mtoano baada ya miaka kumi ya kutazama kwenye televisheni, na Larsson alisaidia. Halafu mwaka 2018 Hall akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Basi kila upande ukabaki na hoja yake. Mimi kwa hili nasema Edmonton waliuza bei rahisi, na Larsson hana kosa lolote. Yeye hakujiuza, bei aliwekewa, kisha akahukumiwa kwa bei ambayo hakuipanga.

Kabla sijafika mwisho, nina kisa kimoja cha Edmonton hiyohiyo, cha zamani kidogo. Aprili 1986, mechi ya saba dhidi ya Calgary, atakayefungwa anakwenda nyumbani. Edmonton ndio mabingwa. Steve Smith, beki chipukizi, siku hiyo alikuwa anatimiza miaka 23. Akakichukua kisahani nyuma ya goli lake, akatoa pasi ndefu mbele. Kikagonga mguu wa kipa wake, Grant Fuhr, kikaingia golini mwao wenyewe. Smith akaanguka kifudifudi juu ya barafu, uso ameufunika kwa mikono. Edmonton wakatolewa, tatu kwa mbili, na bao lile ndilo lililoamua.

Mwenye busara angesema kosa moja haliachi mke. Mashabiki hawana busara hiyo. Wakamtania kwa miaka. Lakini mwaka uliofuata Edmonton wakatwaa tena kombe. Nahodha Wayne Gretzky akalipokea, na kombe lile nahodha akishalibeba ndiye huchagua nani afuate kulishika. Gretzky akamkabidhi Steve Smith.

Wachezaji walijua jambo ambalo jukwaani halikujulikana. Walimwona Smith mazoezini, walimwona akijitupa mbele ya visahani, walijua pasi ile aliyoitoa ni pasi ambayo beki mzuri huitoa mara nyingi kwa wiki. Siku ile ilimgonga mtu mguuni.

Basi ninawaomba jambo moja, wasikilizaji, hasa mlioko huko kwenye baridi ambako mechi hizi mnaziona mubashara. Mechi ijayo, chagueni beki mmoja. Mmoja tu. Akiingia, mtazameni yeye mpaka atoke, hata kisahani kikiwa mbali naye. Tazameni anasimama wapi. Tazameni akikipata anakipeleka kwa nani, kwa mwenzake au kwa adui. Tazameni anacheza dhidi ya nani, maana kuna mabeki ambao kila usiku hupewa washambuliaji hatari kuliko wote, na wengine huingizwa wakati adui amechoka. Fanyeni hivyo zamu tatu nne, bila kutazama takwimu, bila kumsikiliza mtangazaji, hata akiwa ni mimi.

Kisha mtuandikie mlichokiona. Mwenye kutaka kumtetea Coffey dhidi ya Langway, karibu. Mwenye kusema nimempendelea Subban, karibu zaidi. Barua yake nitaisoma hewani yote, bila kuikata. Wiki ijayo tunarudi nchi kavu, kwenye kabumbu, na refa wa Jumamosi iliyopita ana maswali ya kujibu.